Bomba la kupitishia waya wa umeme nje: pita njia yote kwa miguu kabla hujaenda dukani

Wiki hii naweka pembeni mbegu na dawa, tuongelee umeme. Mimi ni bwana shamba, siyo fundi umeme, na kazi ya kuunga waya mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakini fundi akishaondoka, anayebaki na jembe, ng'ombe na jua juu ya ule waya ni wewe. Na mara nyingi anayekwenda dukani kununua bomba ni wewe pia, fundi kakuandikia tu "paipu 20" kwenye kipande cha boksi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilivuta umeme kutoka nyumbani kwenda banda la kuku na pampu ya kisima, mita kama 60 hivi. Nilikuwa na bomba jeusi la polithini lililobaki kwenye umwagiliaji wa matone, lile lenye mstari wa bluu. Nikajisemea bomba ni bomba. Kebo ikapitishwa humo, tukafukia kina cha jembe moja, maisha yakaendelea. Msimu wa pili bomba la maji likavuja jirani na hapo. Kijana ninayefanya naye kazi akafukua, akakuta bomba jeusi lenye mstari wa bluu, akachukua msumeno wa chuma akaanza kukata ili aweke kiungio. Alifika mpaka kwenye shaba. Yuko hai kwa sababu moja tu: asubuhi ile uniti za LUKU zilikuwa zimeisha na mimi nilikuwa sijatuma hela ya kununua nyingine.

Bomba lile halikuwa bovu. Kwa uimara lilizidi mengi yanayouzwa kwa kazi ya umeme. Tatizo ni kwamba lilimdanganya. Yule kijana alifanya kila kitu sawa kwa alichokiona. Kwa hiyo sasa hivi, kabla sijauliza unene wala bei, nauliza hivi: mtu ambaye hakuwepo siku ya kufukia, akilikuta bomba hili, atajua ndani kuna umeme? Kama maji yako yanapita kwenye mabomba meusi, umeme wa chini usipite kwenye meusi. Tafuta rangi nyingine kabisa, na juu yake, sentimita kama 30 kutoka usawa wa ardhi, tandaza ule utepe wa njano wa kuonya. Jembe likutane na utepe kwanza.

Baada ya hapo ndiyo tembea. Simama kwenye meinswichi, fuata njia ambayo waya utapita mpaka mwisho, na kila hatua chache jiulize kitu gani hapa kitauharibu. Utagundua njia moja ina maadui tofauti, na bomba la aina moja haliwezi kuwamaliza wote.

Ukutani, kwenye jua

Zile paipu nyeupe nyembamba za PVC zimetengenezwa kwa ajili ya kufukiwa ndani ya ukuta na lipu. Ukiziweka nje juani, baada ya miaka michache zinakuwa kavu kama ganda la yai. Ngazi ikigonga tu, imepasuka. Chukua bomba nene ambalo mtengenezaji ameandika kwamba linastahimili jua. Ukilikosa, pitisha upande wa nyumba wenye kivuli, chini ya paa, halafu lipake rangi ya maji nyeupe. Rangi inasaidia kweli kuzuia jua lisiiguse plastiki.

Kitu kingine ambacho hata mafundi wengine hukisahau: PVC inarefuka ikipata joto. Bomba la mita 20 lililokuwa na nyuzi 20 alfajiri likafika nyuzi 50 mchana linaongezeka karibu sentimita 4. Ukilibana kwa klipu pande zote lisicheze, litapinda kama upinde au litachomoka kwenye kiungio, na mvua itaingia hapo hapo. Klipu zishike bila kukaba, na kwenye njia ndefu fundi aweke kiungio cha kuteleza.

Chini ya ardhi

Hapa sina mchezo. Dukani omba kipande, kiweke sakafuni, kikanyage kwa kisigino. Kikibonyea, hicho siyo cha kufukia. Kina ninachopendekeza ni sentimita 60 kwenda chini popote panapolimwa, maana plau ya trekta inaweza kufika sentimita 25 hadi 30, na leo unalima kwa jembe la mkono lakini mwakani utakodi trekta. Panapopita gari au pawatila yenye tela nenda chini zaidi, na kipande hicho kipitishe kwenye bomba zito zaidi. Chini ya bomba weka mchanga au udongo laini, usilaze juu ya mawe.

Wenzangu wenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama, mnajua jinsi unavyotembea. Unavuta na kusukuma kila msimu. Mabomba ya vipande yaliyounganishwa kwa gundi yanaachia. Kwenye udongo huo mimi nachagua bomba linalouzwa kwa roli, moja kwa moja bila kiungio, mradi rangi yake isifanane na ya maji.

Na usijidanganye kwamba bomba la chini litabaki kavu. Hata ukigundisha vizuri, unyevu wa hewa unageuka maji humo ndani. Kwa hiyo zile nyaya moja moja za ndani ya nyumba, nyekundu na nyeusi, hazifai kupita chini ya ardhi hata zikiwa kwenye bomba zuri namna gani. Nunua kebo yenye ganda la nje, iliyotengenezwa kwa kufukiwa. Bomba linazuia jembe. Maji yanazuiwa na ganda la kebo yenyewe.

Bandani

Kwenye banda la kuku watu wengi hukimbilia chuma wakiogopa panya. Sasa fikiria ile harufu inayokuchoma macho ukifungua mlango asubuhi. Hiyo ni amonia kutoka kwenye maranda, na ikichanganyika na unyevu inakula ile zinki ya bomba la chuma. Baada ya muda unaona unga mweupe, halafu kutu. Kwa kuku nachagua PVC ngumu, nene, iliyopanda juu ukutani, na miisho yote imezibwa. Panya hapendi kuanza kutafuna kitu kigumu cha mviringo. Anatafuta tundu lililo wazi au ukingo.

Kwa ng'ombe ni tofauti. Ng'ombe anajikuna, anasukuma, analamba. Pale anapofika, yaani kuanzia chini mpaka juu ya kichwa chako, weka chuma, au bora zaidi hamisha njia asifike kabisa. Ukiweka chuma, lazima fundi akiunge na waya wa ethi. Bomba la chuma lisilo na ethi, kebo ikichubuka ndani, linakuwa waya wenyewe, limesubiri mtu ashike. Na ng'ombe anaumizwa na umeme mdogo kuliko mtu: ana miguu minne iliyokaa mbalimbali kwenye sakafu yenye mkojo, na umeme unaopita kati ya miguu ya mbele na ya nyuma unapita kifuani. Kwenye laini ya banda dai kile kikata umeme cha miliampia 30, kinachojizima umeme ukianza kuvuja. Hakuna bomba linalofanya kazi hiyo. Ningekuwa nacho siku ile nisingekuwa nahesabu bahati ya LUKU.

Ukubwa wa bomba sasa. Kebo zisijaze zaidi ya asilimia 40 ya nafasi ya ndani, ziweze kuvutwa bila kuchubuka na zipoe. Kebo moja nyembamba kuliko kidole chako kidogo cha mwisho, chukua milimita 25. Ukifikiria kuongeza taa au kamera baadaye, chukua 32 sasa, kwa sababu gharama kubwa ni kuchimba mtaro. Acha kamba ya nailoni ndani kwa ajili ya kuvutia kebo ijayo. Kona za mraba zisizidi mbili kati ya boksi na boksi, na ziwe kona ndefu. Fundi akikata bomba, asugue ule ukingo mkali. Kebo nyingi huchubukia hapo siku ya kwanza kabisa.

Kabla sijasahau, bomba zuri haliokoi waya mwembamba. Pampu ya nguvu farasi 1.5 inavuta kama ampia 8. Kwa umbali wa mita 100 kwenye waya wa milimita 2.5 unapoteza karibu volti 12 njiani, kwenye wa milimita 4 unapoteza kama 7. Ukishafukia huo mwembamba utaunguza pampu na kulaumu TANESCO.

Kabla ya kufukia, tandaza futi ya kupimia mtaroni kutoka kwenye kona ya nyumba mpaka kila kona ya bomba, piga picha. Juu ya ardhi, kila bomba linapopinda, simika jiwe lililopakwa rangi nyekundu. Picha hizo mtumie na kijana unayefanya naye kazi, yeye ndiye atakayechimba.