Kuacha sigara: Nia na tiba viende pamoja

 

Ndugu msomaji, huku kwetu, kuanzia milima ya Umatengo hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, kila mvutaji ana sababu yake. Mvuvi wa usipa anasema sigara inamfukuzia usingizi ziwani usiku. Mkulima wa kahawa wa Mbinga anasema inamtoa baridi ya alfajiri. Wengi wao ni watu wa swala na saumu. Kila Ramadhani hutia nia ya kuacha, na Idd ikipita hurudi kule kule. Mwisho mtu hujihesabu kuwa imani yake ni dhaifu, akakata tamaa. Somo la leo ni lake, na la mke na watoto wanaovuta moshi wake ndani ya nyumba.

Hukumu tumeshaisikia sana. Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujiingiza wenyewe katika maangamizo, na wanavyuoni wengi wa zama hizi wameijengea hoja ya kukataza tumbaku. Kinachokosekana ni kujua namna ya kutoka.

Kwa nini ni vigumu?

Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu. Baada ya saa 2 hivi, nusu yake huwa imekwishatoka katika damu, na ubongo uliozoea huanza kudai. Hapo ndipo huja hasira, wasiwasi, njaa, kukosa usingizi na kushindwa kutulia. Dalili hizi huwa kali zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4.

Sasa mtazame anayefunga mchana na kuvuta baada ya futari. Kila usiku anailisha ile kiu, na kila asubuhi anaanza upya. Amepata siku 30 za mwanzo, hakuifikia siku ya 5 hata mara moja. Hilo si suala la imani peke yake, ni maradhi ya uraibu, na maradhi yana tiba.

Ama hoja ya baridi, nikotini hubana mishipa midogo ya damu kwenye ngozi, hivyo vidole huzidi kupoa.

Dawa zenye nikotini

Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hizi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Wapo wanaouliza: je, si kutoa ubaya kwa ubaya ule ule? La. Kinachoua zaidi ni moshi, wenye kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake husababisha saratani. Dawa humpa mtu nikotini kidogo, polepole, bila moshi, kisha hupunguzwa hadi aiache. Tafiti zinaonesha kuwa huongeza uwezekano wa kufanikiwa kwa nusu au zaidi. Si muujiza, wengi bado hujaribu zaidi ya mara moja.

Kibandiko hubandikwa kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, sehemu tofauti kila siku. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na cha miligramu 21, kisha 14, kisha 7, kwa muda wa wiki 8 hadi 10. Kikimletea ndoto mbaya, akivue wakati wa kulala.

Ubani wa kutafuna (bigijii) wa nikotini hautafunwi kama ule wa dukani. Tafuna polepole hadi usikie ukali, uuweke kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha utafune tena, kwa nusu saa. Usinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla yake, kwani huzuia nikotini kufyonzwa mdomoni. Kutumia kibandiko pamoja na ubani husaidia zaidi kuliko kimoja peke yake.

Wanywaji wa kahawa wazingatie jambo jingine. Moshi huharakisha ini kuondoa kafeini. Ukiacha sigara, vikombe vile vile vitakupa mapigo ya moyo ya haraka na kukosa usingizi. Punguza kahawa kwa nusu.

Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18 na aliyepata shambulio la moyo karibuni wasitumie bila ushauri wa mtaalamu. Vibandiko, hata vilivyotumika, viwekwe mbali na watoto.

Udhu, josho na saumu

Bandika juu ya kiwiko au kifuani, maji ya udhu yasizuiwe. Kwa josho la janaba, kivue, uoge, ukauke, ubandike kipya. Kuhusu saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa dawa zinazopita kwenye ngozi, vikiwemo vibandiko, hazifunguzi. Ubani wa nikotini hufunguza, basi utumike usiku. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Ukizikosa, au ukiteleza

Dawa hizi hazipo katika kila duka la dawa, na bei yake si ndogo. Asiyezipata asingoje. Apange siku, atoe sigara na kiberiti nyumbani, awaambie wenzake wa mtumbwini. Hamu kali hupita kwa dakika chache: anywe maji, apige mswaki, atawadhe, alete dhikri.

Ukivuta moja, usivue kibandiko wala usiseme yote yamekwisha. Endelea. Na wewe mama wa nyumbani, hasira za wiki ya kwanza ni dalili, msubirie, usimsimange.

Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi akapime makohozi, kwani uvutaji huongeza hatari ya kifua kikuu.

Ndani ya siku chache tu hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi hutoka katika damu. Baada ya mwaka 1, hatari ya ziada ya maradhi ya moyo hupungua kwa takriban nusu. Mlango uko wazi kwa kila anayejaribu tena, Insha'Allah.

Wabillahi tawfiq.