Sindano ya diklofenaki haiokoi tumbo

SWALI: Daktari, nina miaka 61 na magoti yananisumbua, hasa nikipanda ngazi au nikikaa muda mrefu. Kwa miezi kadhaa nameza diklofenaki ninayonunua duka la dawa. Sasa tumbo linawaka moto hata nikila kwanza. Jirani ananishauri niwe nachoma sindano ili dawa isipite tumboni. Je, ni sahihi? Presha natumia losatani na kidonge cha kupunguza maji. Mama J., Morogoro.

JIBU: Shikamoo mama. Tafadhali usiichome hiyo sindano, na vidonge navyo uviweke kando kuanzia leo. Ushauri wa jirani yako nausikia mara nyingi, na unatolewa kwa nia njema, ila dawa hizi haziumizi tumbo kwa namna watu wengi wanavyodhani.

Mwili unapoumia, vimeng'enya viitwavyo COX hutengeneza kemikali za prostaglandini. Hizo ndizo zinazoleta uvimbe na joto, na kuifanya mishipa ya fahamu ihisi maumivu kwa ukali zaidi. Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini na aspirini zote huvizuia vimeng'enya hivyo visifanye kazi. Aspirini iliuzwa tangu mwaka 1899, lakini ni mwaka 1971 ndipo Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba siri yake iko hapo. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Lakini prostaglandini zina kazi nyingine. Tumboni huchochea ute unaokinga ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi. Kwenye figo husaidia mishipa ya damu ibaki wazi. Diklofenaki ikishaingia kwenye damu huzipunguza kote huko, si gotini peke yake. Sindano ya takoni nayo huishia kwenye damu, na damu hiyo ndiyo inayofika kwenye ukuta wa tumbo. Ndiyo maana mtu anaweza kupata vidonda vya tumbo bila kumeza hata kidonge kimoja. Kula kwanza kunaweza kupunguza kichefuchefu, lakini hakurudishi ule ute.

Watafiti walijaribu kulikwepa tatizo hili. Walipogundua kwamba COX ni za aina mbili kuu, ya kwanza ikilinda tumbo na ya pili ikiongezeka zaidi palipovimba, walitengeneza dawa za kuzuia ile ya pili tu. Mojawapo, Vioxx, iliingia sokoni mwaka 1999 na kuondolewa Septemba 2004, baada ya kubainika kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Diklofenaki yenyewe huelemea upande huo wa pili, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa tahadhari kuhusu hatari yake kwa moyo.

Kilichonitia wasiwasi zaidi katika barua yako, mama, ni dawa za presha. Losatani, kidonge cha kupunguza maji na diklofenaki zikikutana kwa mtu mmoja, figo hubanwa kutoka pande tatu, na zinaweza kushindwa kazi bila maumivu yoyote. Zaidi ya hayo, diklofenaki hupandisha presha na kudhoofisha dawa unazotumia kuishusha. Nasikitika kwamba wauzaji wengi hawaulizi mteja anatumia dawa gani nyingine kabla ya kumfungia vidonge.

Dawa za presha usiziache. Nenda kituo cha afya wiki hii upimwe presha, kreatinini na potasiamu, na tumbo lichunguzwe, pamoja na bakteria wanaosababisha vidonda. Huenda ukapewa omeprazoli. Kwa magoti, muulize daktari kuhusu diklofenaki ya kupaka: kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo sana, na kwa goti lililosagika inasaidia kweli. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja ni tiba ya kweli, tena nayahimiza kuliko kidonge chochote. Parasetamoli haipunguzi ute wa tumbo, lakini nafuu yake kwa goti ni ndogo. Usizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku.

Sisemi diklofenaki na dawa za jamii yake ni mbaya. Maumivu ya hedhi husababishwa na prostaglandini zinazokaza mfuko wa uzazi, kwa hiyo ibuprofeni ya siku mbili tatu kwa binti mwenye afya inafanya kazi vizuri. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo huandikiwa aspirini kidogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, kwa sababu inazuia chembe sahani zisigandishe damu. Huyo asiiache bila kumwona daktari. Ila mjamzito aliyefikisha wiki 20 asitumie ibuprofeni wala diklofenaki bila ushauri wa daktari, na mwenye pumu aulize kwanza. Kwa wasomaji wa Dar es Salaam, ambako dengue imeshapiga zaidi ya mara moja: homa ambayo sababu yake haijajulikana itulizwe kwa parasetamoli, kwani aspirini na wenzake huongeza hatari ya kuvuja damu.

Kwako, mama, ukiona kinyesi cheusi kama lami, ukitapika damu, au ukihisi kizunguzungu unaposimama, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku, na ubebe maboksi ya dawa zako zote.