Lugha ya Kuhesabu katika Michezo ya Watoto Wadogo: Mtazamo kutoka Misikhu

Makala haya yanajadili nafasi ya michezo na mafumbo katika kujenga stadi za mwanzo za hisabati kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita. Hoja inayotetewa ni kwamba mchezo peke yake haumfundishi mtoto hesabu. Maneno yanayotamkwa mchezo unapoendelea ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mafunzo. Kwa hivyo suala hili, ambalo aghalabu huachiwa walimu wa hisabati, linawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili.

Misikhu ni kituo cha biashara kilichoko kando ya barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale, katika kaunti ya Bungoma. Yamkini mtoto wa hapo huamkiwa kwa Lubukusu, hutumwa chumvi dukani kwa Kiswahili, kisha hufika chekechea akatakiwa kuhesabu kwa Kiingereza. Vifaa vya kuchezea havimpungukii: punje za mahindi, maharagwe, kokoto, vifuniko vya soda. Kinachopungua ni imani ya watu wazima kwamba vitu hivyo ni masomo. Mzazi hufurahi kumsikia mwanawe akikariri moja hadi mia, kumbe mtoto huyo huyo akiagizwa vikombe saba huleta vyovyote anavyoweza kubeba. Rochel Gelman na Charles Gallistel, katika kitabu chao cha mwaka 1978, waliyatenganisha mambo haya: kuyataja majina ya namba kwa mpangilio ni jambo moja, na kutambua kwamba jina la mwisho lililotajwa ndilo idadi ya vitu vyote ni jambo jingine.

Mnamo 2008, Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha utafiti uliofanywa Marekani miongoni mwa watoto wa familia zenye kipato cha chini. Watoto walicheza mchezo wa visanduku kumi vilivyopangwa kwa mstari na kuandikwa namba. Vipindi vinne vifupi, katika muda wa majuma mawili, vilitosha kuimarisha ujuzi wao wa namba. Waliocheza mchezo wa aina hiyo wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo. Mchezo huu hauhitaji fedha. Mstari wa visanduku huchorwa mchangani, na kifuniko cha soda hurushwa: kikianguka chali mtoto asogee hatua moja, kikianguka kifudifudi asogee mbili. Lililo muhimu ni kauli yake. Aliye kwenye nne akipata hatua mbili anapaswa kutamka "tano, sita", wala si "moja, mbili". Anayerudia moja kila mara anahesabu hatua zake tu. Hajifunzi mahali namba zilipo.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapoingia mchezoni. Mtoto husikia watoto wawili, vijiwe viwili, mawe mawili, punje mbili. Idadi ni ile ile ilhali umbo la neno hubadilika. Hata hivyo, sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa mtoto wa Lubukusu, lugha ya Kibantu yenye upatanisho kama huo, jambo hili si geni kabisa. Mwalimu anayemsahihisha kila anaposema "mawe mbili" humkatizia hesabu kwa ajili ya sarufi. Ni afadhali arudie umbo sahihi kwa utulivu na mchezo usonge mbele.

Upande wa makumi una utajiri zaidi. Kumi na moja na kumi na mbili zinalitaja kumi bayana, jambo ambalo maneno ya Kiingereza ya namba hizo huficha. Baada ya kumi na tisa, mwangaza hufifia. Ishirini haina mbili ndani yake, wala thelathini haina tatu, kwa kuwa Kiswahili kiliazima makumi haya kutoka Kiarabu huku kikihifadhi mbili na tatu za Kibantu. Cha kustaajabisha ni kwamba sitini, sabini na tisini zinaeleweka upesi: sita, saba na tisa ziliazimwa pia. Kwa hiyo mtoto anayefunga vijiti kumikumi aruhusiwe kwanza kusema makumi mawili, makumi matatu, ndipo apewe ishirini na thelathini kama majina mengine ya mafungu aliyoyashika mkononi.

Mafumbo ya vipande nayo yana msamiati wake. Susan Levine na wenzake, katika utafiti wa 2012, waliona kwamba watoto waliounganisha vipande vya picha nyumbani kati ya miaka miwili na minne hivi walikuwa na uwezo bora wa kuwazia maumbo yanayogeuzwa. Pakiti ya unga iliyokatwa vipande vinne inatosha, mradi anayecheza na mtoto aseme: zungusha, geuza, pembe, ukingo. Vitendawili pia vinaweza kutungwa kwa idadi. Kwa mfano, ndugu watano, mfupi mmoja kajitenga, jibu likiwa vidole vya mkono.

Elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010, na mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019 unaitambua lugha ya mazingira ya mtoto. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya utafiti anaweza kuanza kwa kuketi kando ya mstari wa visanduku, akinukuu watoto wanavyotamka baada ya kumi na tisa.