Vihatarishi vya Kuambukizwa Kifua Kikuu cha Ng'ombe katika Jamii za Wafugaji wa Kanda ya Ziwa

Utangulizi

Kifua kikuu kinapotajwa, wengi hufikiria mtu anayekohoa ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Fikra hiyo ni sahihi kwa wagonjwa walio wengi, kwani bakteria aitwaye Mycobacterium tuberculosis husambaa kutoka kwa binadamu mmoja kwenda kwa mwingine kwa njia ya hewa. Lakini bakteria huyo ana ndugu yake, Mycobacterium bovis, ambaye makazi yake makuu ni ng'ombe. Huyu humfikia binadamu kupitia maziwa mabichi, hewa ya zizini na nyama isiyoiva. Kwa wakazi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, ambako ng'ombe ni mali, mahari, akiba na chakula, jambo hili linastahili kueleweka vizuri na mtoa huduma za afya pamoja na mgonjwa.

Makala haya yanaeleza vihatarishi vya maambukizi hayo, sababu za ugonjwa huo kutotambulika kwa urahisi hospitalini, na hatua ambazo kaya na kituo cha afya vinaweza kuchukua.

Historia kwa ufupi

Robert Koch alitangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Mwaka 1901, akihutubia mkutano jijini London, mwanasayansi huyo huyo alisema kuwa kifua kikuu cha ng'ombe hakina hatari kubwa kwa binadamu. Serikali ya Uingereza iliunda tume kuchunguza kauli hiyo, na kufikia mwaka 1911 tume ilihitimisha kwamba ugonjwa wa ng'ombe humwambukiza binadamu, hususan watoto wanaokunywa maziwa. Nchi zilizozingatia hitimisho hilo zilipasha maziwa joto la kuua vimelea, zikapima ng'ombe na kuwaondoa wagonjwa, na ugonjwa huo ukapungua sana. Katika Afrika Mashariki, ambako sehemu kubwa ya maziwa huuzwa bila kupita kiwandani, kinga hiyo inategemea zaidi sufuria ya nyumbani.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani na washirika wake walikadiria kuwa mwaka 2016 watu wapatao 147,000 duniani waliugua kifua kikuu kitokanacho na wanyama, na takriban 12,500 walifariki. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kuwa barani Afrika kiwango cha kati cha wagonjwa wa kifua kikuu wenye Mycobacterium bovis kilikuwa asilimia 2.8, ingawa tofauti kati ya eneo na eneo ni kubwa. Nchini Tanzania, utafiti wa wagonjwa wenye kifua kikuu cha tezi mkoani Arusha, uliochapishwa mwaka 2004, ulimkuta bakteria huyu kwa takriban mmoja katika kila wagonjwa kumi ambao vimelea vyao viliota maabara.

Takwimu hizi zinafundisha mambo mawili. Kwanza, wagonjwa wengi wa kifua kikuu bado huambukizwa na binadamu mwenzao; hivyo mkazo wa kupima makohozi na kufuatilia wanakaya usilegezwe. Pili, kwa mgonjwa mwenye tezi zilizovimba anayetoka katika kaya ya wafugaji, uwezekano wa chanzo kuwa ng'ombe haupaswi kupuuzwa.

Vihatarishi vikuu

1. Kunywa maziwa yasiyochemshwa

Hiki ndicho kihatarishi kinachotajwa zaidi. Ng'ombe mwenye maambukizi kwenye kiwele hutoa bakteria ndani ya maziwa, na mara nyingi maziwa hayo huonekana ya kawaida kwa rangi, harufu na ladha. Maziwa ya ng'ombe kadhaa yanapochanganywa katika dumu moja, ng'ombe mmoja mgonjwa hutosha kuchafua yote. Kwa sababu hiyo, mkazi wa Nyamagana au Ilemela asiyemiliki hata ndama mmoja anaweza kufikiwa na maambukizi kupitia maziwa yaliyoletwa kwa baiskeli au pikipiki kutoka vijijini.

Kaya nyingi huchemsha maziwa ya chai, lakini maziwa ya kugandisha huachwa mabichi kwenye kibuyu hadi yagande yenyewe. Uchachu wa mtindi hauaminiki kuua bakteria huyu. Anaweza kuendelea kuishi humo. Kadhalika, kufukiza kibuyu kwa moshi hakuwezi kuchukua nafasi ya kuchemsha. Maziwa ya moja kwa moja kutoka kwenye kiwele, ambayo watoto wachungaji huyanywa machungani, yana hatari hiyo hiyo, na dang'a ya ng'ombe aliyezaa karibuni pia haina kinga ya pekee.

2. Kuishi karibu sana na ng'ombe

Ng'ombe mwenye ugonjwa wa mapafu hutoa vimelea anapopumua na kukohoa. Zizi lililobanana, banda lisilo na madirisha, na desturi ya kulaza ndama ndani ya nyumba ya watu kwa kuhofia wezi au fisi huongeza muda ambao binadamu huvuta hewa hiyo. Maambukizi huweza pia kwenda upande wa pili: binadamu mwenye kifua kikuu cha mapafu anaweza kuwaambukiza mifugo wake.

3. Aina ya kazi

Wachungaji, wakamuaji, wachinjaji, wauza nyama, wakaguzi wa nyama na wataalamu wa mifugo hukutana na wanyama wengi kuliko watu wengine. Machinjioni, kukata mapafu na tezi zenye majipu bila glavu wala barakoa humweka mfanyakazi katika hatari ya kuvuta vimelea au kuviingiza kupitia jeraha la mkononi. Uchinjaji wa nyumbani, ambao haupitii ukaguzi, huondoa fursa muhimu ya kumtambua mnyama mgonjwa.

4. Kula nyama isiyoiva na kunywa damu mbichi

Hatari ya nyama ya msuli ni ndogo kuliko ya maziwa, lakini mapafu, ini, matumbo na tezi za mnyama mgonjwa zinaweza kuwa na bakteria wengi. Nyama ya kuchoma iliyobaki nyekundu ndani na damu mbichi ziepukwe.

5. Hali ya mwili wa binadamu

Si kila anayeambukizwa huugua. Kinga ya mwili inapodhoofika, bakteria waliotulia huanza kuzaliana. Walio katika hatari zaidi ni watu wanaoishi na VVU ambao hawajaanza dawa, watoto wadogo, wazee, wenye utapiamlo na wenye kisukari. Utafiti uliofanyika jijini Mwanza na kuchapishwa mwaka 2011 uliwakuta takriban mmoja katika kila wagonjwa sita wa kifua kikuu akiwa na kisukari. Utafiti huo haukuhusu ng'ombe, lakini unaonesha kuwa mjini Mwanza magonjwa haya mawili hukutana mara kwa mara ndani ya mwili mmoja.

6. Mienendo ya mifugo

Ng'ombe hununuliwa mnadani bila kupimwa, kisha huingizwa moja kwa moja kwenye kundi. Wakati wa kiangazi makundi ya vijiji mbalimbali hukutana kwenye malisho na sehemu za kunywea maji. Upande wa mashariki, mfumo wa ikolojia wa Serengeti una wanyamapori, wakiwemo nyumbu, ambao bakteria huyu amewahi kuthibitishwa kwao. Mnyama aliyekonda mara nyingi huuzwa haraka kabla hajafa. Mwenye mali huokoa hasara yake, lakini ugonjwa huhamia kwenye boma jingine.

Kwa nini ugonjwa huu hautambuliki kwa urahisi

Anayeambukizwa kwa njia ya chakula mara nyingi hapati kikohozi. Bakteria huingia kupitia koo au utumbo, na hivyo dalili hujitokeza kwenye tezi za shingo, tumbo, mifupa au uti wa mgongo. Chukulia mtoto wa miaka minne kutoka Kwimba mwenye uvimbe wa shingo usio na maumivu makali, homa za jioni na uzito usioongezeka. Hakohoi, hivyo hakuna makohozi ya kupima. Hupewa dawa za kuua bakteria wa kawaida mara mbili au tatu, au hupelekwa kwa mganga wa jadi na kuchanjwa chale, hadi tezi inapopasuka na kutoa usaha.

Maabara nayo ina mipaka. Hadubini haiwezi kutofautisha bakteria hawa wawili. Kipimo cha GeneXpert huonesha kuwepo kwa kundi la bakteria wa kifua kikuu na usugu dhidi ya rifampisini, lakini hakitaji kama chanzo ni cha binadamu au cha ng'ombe. Hata uoteshaji unaweza kumkosa Mycobacterium bovis, kwa kuwa hukua kwa shida kwenye lishe ya maabara yenye gliserini na huhitaji ile yenye piruveti.

Tofauti hiyo ina uzito katika tiba. Mycobacterium bovis ana usugu wa asili dhidi ya pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za miezi miwili ya mwanzo. Mgonjwa hubaki akitegemea rifampisini, isoniazidi na ethambutoli. Ikitokea kuna usugu dhidi ya mojawapo ya hizo, silaha zinazobaki ni chache. Kwa hiyo, mgonjwa asiyepata nafuu ingawa anameza dawa ipasavyo achukuliwe sampuli kwa ajili ya uoteshaji, na tiba yake ijadiliwe na daktari bingwa. Wagonjwa wa namna hii wanaweza kuhitaji muda mrefu zaidi ya miezi sita. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Wajibu wa mtoa huduma

Maswali machache huweza kubadili mwelekeo wa uchunguzi:

- Je, mgonjwa hunywa maziwa mabichi au mtindi wa maziwa yasiyochemshwa?
- Je, anaishi, analala au anafanya kazi karibu na ng'ombe?
- Je, kuna ng'ombe kundini anayekohoa au kukonda bila sababu?
- Je, kuna mwanakaya mwingine mwenye tezi au aliyewahi kutibiwa kifua kikuu?

Majibu yaandikwe kwenye jalada. Tezi iliyovimba kwa zaidi ya wiki mbili itolewe sampuli kwa sindano na kupelekwa maabara. Kila mgonjwa apimwe VVU na kisukari. Inapohisiwa kuwa chanzo ni mifugo, ofisa mifugo wa kata ajulishwe ili ng'ombe wapimwe kwa kipimo cha ngozi, ambacho husomwa baada ya saa 72. Ushirikiano huu ndio kiini cha mtazamo wa Afya Moja.

Ushauri kwa kaya

- Chemsha maziwa yote, ya chai na ya kugandisha. Yakishaumuka, koroga na yaache yaendelee kuchemka dakika chache. Kiwandani, nyuzijoto 63 kwa dakika 30 au 72 kwa sekunde 15 hutosha. Nyumbani pasipo kipimajoto, kuchemsha ndiyo njia ya uhakika.
- Ukitaka mtindi, chemsha kwanza, acha yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha ongeza kijiko cha mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa na ufunike.
- Usiwanyime watoto maziwa kwa hofu. Maziwa yaliyochemshwa ni chakula bora.
- Tenga mahali pa ndama na mahali pa kulala watu.
- Nunua nyama iliyokaguliwa na kuipika hadi iive.
- Mpeleke mtoto mchanga kupata chanjo ya BCG. Chanjo hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1921, ilitengenezwa na Calmette na Guérin kwa kumdhoofisha Mycobacterium bovis mwenyewe. Humkinga mtoto dhidi ya kifua kikuu kikali, lakini haiondoi haja ya kuchemsha maziwa.
- Tezi zikivimba, fika kituo cha afya mapema. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Hitimisho

Kifua kikuu cha ng'ombe kinazuilika na kinatibika. Ugumu wake upo katika kutofikiriwa: mgonjwa haelezi kuhusu maziwa kwa sababu haulizwi, na mtabibu haulizi kwa sababu mgonjwa hakohoi. Swali moja katika chumba cha daktari na moto wa dakika chache jikoni vinaweza kumwepusha mtoto na miezi mingi ya dawa, kibyongo cha uti wa mgongo au kifo.