Somo la 14: Ombi la Kikundi Liandikwe Wapi?



Katika vijiji vyetu kuna vikundi vinavyofanya kazi kubwa bila mshahara. Kimoja hutunza wazee wasio na watoto. Kingine huwasaidia yatima wapate daftari na sare. Kingine huwaangalia wagonjwa walio majumbani. Wanakikundi huchota maji, hupika uji, na humpakia mgonjwa kwenye baiskeli wakamsukuma hadi zahanati.

Hata hivyo, kila kikundi hufika mahali pakakishinda. Uji kinaweza kuupika, lakini dawa hakiwezi kuzinunua kila mwezi. Hapo hakina budi kwenda kusema kwa wenye mamlaka. Kusema kwa niaba ya wengine mpaka utaratibu wa serikali urekebishwe huitwa utetezi.

Wako watu wanaoliogopa neno hilo. Hudhani kwamba kutetea ni kuipinga serikali. Sivyo. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika kuamua mambo yanayohusu maisha yake. Mtu anayeomba zahanati imhudumie mzee anatumia haki hiyo.

Sasa tuchukue mfano. Wanawake kumi na wawili wana kikundi. Wamekiandikisha kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Wanawatunza wazee. Wazee wakipelekwa kutibiwa, wengine huambiwa walipe, na fedha hawana. Wanakikundi wanamwendea afisa mmoja na kumweleza. Afisa huyo ni mtu mwema. Anasema, "Msiwe na wasiwasi, mama zangu, nitalishughulikia." Wanafurahi, wanarudi nyumbani. Baada ya miezi miwili afisa anahamishwa wilaya nyingine. Anakuja mpya. Yeye hajui lolote, wala katika faili hakuna karatasi.

Je, afisa wa kwanza alikuwa mwongo? Hapana. Ahadi yake ilikuwa ya mdomo, basi alipohama ilihama naye. Mimi naona vikundi vingi hukwama hapa, kuliko vinavyokwama kwa kukataliwa.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Itumie elimu hiyo hapa.

KWANZA HESABUNI

Kabla ya kuandika barua, kikundi kihesabu. Msiseme "wazee wengi wanateseka". Neno "wengi" halimsaidii mtu anayepanga fedha. Piteni nyumba kwa nyumba. Andikeni jina la kila mzee, umri wake, anaishi na nani, na mara ya mwisho alitibiwa lini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Basi tumieni umri huo huo, ili hesabu yenu ilingane na ya serikali.

Kazi hii inachosha, na wengine watasema mnapoteza muda. Lakini orodha ndiyo nguvu yenu. Serikali ilikwisha kusema katika sera zake kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Utaratibu wowote utakaotumika, mzee ambaye jina lake halijulikani atapata taabu dirishani.

BARUA

Barua iwe fupi, na iwe na ombi moja. Someni mfano huu:

"Kwa Mwenyekiti wa Kijiji, kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Sisi ni kikundi cha kutunza wazee. Tumehesabu wazee 34 wasiojiweza katika kijiji chetu. Orodha tumeiambatisha. Tunaomba jambo hili liingizwe katika ajenda za Mkutano Mkuu wa Kijiji ujao, ili mkutano uithibitishe orodha na kuipeleka Halmashauri ya Wilaya."

Andikeni tarehe. Mwenyekiti na katibu wa kikundi watie sahihi. Toeni nakala mbili. Moja mkabidhi Afisa Mtendaji. Ya pili mwombeni aigonge mhuri na kuandika tarehe aliyopokea, kisha irudi nayo nyumbani. Siku mtakapoambiwa, "Hatukuona barua yenu," mtaitoa bila kugombana na mtu.

MKUTANO

Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Mkutano huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, hufanya kazi kwa niaba ya mkutano huo.

Siku ya mkutano nani aseme? Vikundi hupenda kumsimamisha mtu hodari wa maneno. Afadhali asimame mzee mwenyewe. Wahenga walisema: Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mzee akieleza jinsi alivyorudi na homa yake nyumbani, hata wale waliokuwa wakizungumza pembeni watanyamaza. Kisha katibu wa kikundi asome hesabu.

Mkutano ukikubali, msipige makofi mkaondoka. Ombeni uamuzi uandikwe katika muhtasari, na usomwe kwa sauti kabla ya mkutano kufungwa. Toka hapo jambo huenda katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kutoka kata huenda Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi la fedha likifika mwezi wa Juni huwa limechelewa.

AGIZO NA SHERIA

Labda utauliza, je, kuna faida gani ya kusumbuka hivi kwa ajili ya maandishi? Tazama habari ya asilimia kumi.

Kwa miaka mingi halmashauri ziliagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ili kuwakopesha wanawake na vijana. Lilikuwa agizo tu. Halmashauri nyingine zilitenga, nyingine zilitenga kidogo, na nyingine hazikutenga kitu. Watu wenye ulemavu hawakuwa na fungu lao.

Mwaka 2018 Bunge lilibadili Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kutenga fedha hizo kukawa lazima, na mikopo ikawa haina riba. Wanawake walipewa asilimia 4, vijana 4, na watu wenye ulemavu 2. Piga hesabu: halmashauri ikiwa na mapato ya ndani ya shilingi 1,000,000,000, fungu la mikopo ni shilingi 100,000,000. Watu wenye ulemavu wanapata shilingi 20,000,000. Kabla ya hapo hawakuwa na mahali pa kuonyesha kidole na kusema, "Hii ni yetu."

Sheria haikumaliza matatizo. Vilionekana vikundi hewa, na mikopo mingi haikurudishwa. Mwezi wa Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo, na mwaka 2024 ikairudisha kwa utaratibu mpya. Lakini angalia jambo moja. Mikopo iliposimama, watu waliuliza: itarudi lini? Waliweza kuuliza hivyo kwa sababu ilikuwa imeandikwa katika sheria. Wale wanawake kumi na wawili wa mfano wetu hawakuwa na la kumwuliza afisa mpya.

MAZOEZI

1. Kwa nini ahadi ya afisa wa kwanza haikuwasaidia wazee?

2. Nakala ya barua yenye mhuri ina kazi gani?

3. Halmashauri moja ina mapato ya ndani ya shilingi 600,000,000. Watu wenye ulemavu watatengewa shilingi ngapi?

4. Jadilianeni darasani: Katika kijiji chetu, ni kikundi gani kimefika mahali pakakishinda? Chagueni ombi moja. Liandikieni barua kwa Mwenyekiti wa Kijiji, na mwalimu aisome pamoja nanyi kabla haijapelekwa.