SOMO: KUFUFUA MASHINE KUUKUU YA KUKEREZA YA FUNDI SAA

Kama kikundi chenu kina fundi wa saa, siku moja anaweza kuletewa hii mashine: ndogo, ya kuwekwa mezani, imeshika kutu, na bei yake inavutia. Kabla hatujatoa pesa za wanachama, tusome pamoja.

Kazi yake ni kuzungusha kipande cha chuma huku fundi akikichonga. Ndiyo hutengeneza mhimili wa gurudumu la saa, ambao ncha zake huwa na unene wa kama milimita 0.1, yaani unywele. Saa za betri, ambazo ndizo nyingi siku hizi, haziihitaji sana. Basi swali la kwanza: je, saa za kutia ufunguo zipo za kutosha kumpa fundi wetu kazi?

KABLA YA KUNUNUA

Izungushe kwa mkono. Isikwame wala isicheze. Kisha ulizia koleti, vile vishikio vidogo vinavyobana kazi. Mashine nyingi hutumia za milimita 8, lakini kuna saizi nyingine. Kuzitafuta baadaye ni gharama kubwa, na rahisi huvunja upishi.

HATUA ZA NYUMBANI

1. Fungua polepole. Chora kila kipande na mahali kilipotoka.

2. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Fanyia nje, mbali na jiko. Petroli hapana.

3. Kutu ya nje isugue kwa pamba laini ya chuma iliyotiwa mafuta.

4. Msasa usiguse beringi wala mdomo wa ndani unaoshika koleti. Hapo futa kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti. Kutu ni adui, lakini msasa ni adui mkubwa zaidi: ukila unene wa unywele tu, mashine itang'aa na haitafaa tena.

5. Rudisha vipande, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi, kisha kaza nati ya nyuma kidogo kidogo. Izunguke kwa wepesi bila kucheza.

6. Jaribu. Bana keekee mpya, nyembamba, kwa upande wa shina lake, uzungushe taratibu. Shina likiyumba, jaribu koleti nyingine. Likiendelea kuyumba, huenda mdomo umeharibika.

Mota ya cherehani na kanyagio lake yatosha kuiendesha. Pasipo umeme, gurudumu la mkono lafaa. Kunja mikono ya shati, vaa miwani.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Ni nani kati yetu atakayeitumia, na saa ngapi huletwa kwake kwa mwezi?
- Mashine ni ya nani: ya fundi au ya kikundi? Hayo yaandikwe kabla ya kulipa.
- Ikikataa kufufuka, hasara tutaibebaje?

Mkikosa majibu, pesa zibaki kwa mweka hazina. Mashine ingine itapatikana.