Nyaya za Motokaa na Joto la Bomba la Moshi

Wasomaji wetu wa Usinge na vijiji vya jirani wajua jinsi njia ya Tabora kwenda Ujiji ilivyobadilika. Zamani mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na katika kazi hiyo Wanyamwezi walisifiwa mno. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, ikapita hapa Usinge, ikafika Kigoma mwaka 1914. Siku hizi tumbaku, asali, mahindi, na wagonjwa pia, hutoka vijijini kwa motokaa mpaka stesheni au mpaka Kaliua. Mpagazi alipochoka aliutua mzigo akasema amechoka. Motokaa haisemi, na huenda dalili ya kwanza ya ugonjwa wake ikawa ni moshi unaotoka chini ya boneti, hali mgonjwa amelala nyuma na hospitali ingali mbali.

Leo twapenda kueleza sababu moja ya moshi huo, nayo ni nyaya za umeme zilizoungua kwa kukaa karibu na bomba la moshi wa injini.

Moshi unapotoka katika silinda ni moto kweli kweli. Injini ikivuta mzigo mzito, chuma kinachoupokea moshi huo hupata joto la digrii mia kadhaa za sentigredi, na pengine huweza kuwa chekundu kama jembe katika kiriba cha mhunzi. Shaba iliyo ndani ya waya haidhuriki upesi, maana haiyeyuki mpaka ifike digrii 1,085. Linaloharibika ni gamba lake la plastiki, ambalo kwa nyaya za kawaida limetengenezwa kustahimili digrii 70 mpaka 105 tu. Likizidishiwa joto siku baada ya siku, gamba hukauka, hugeuka gumu, kisha hupasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Basi gari lapita katika matuta ya njia, injini yatikisika, na shaba iliyo uchi yagusa chuma.

Hapo ndipo hatari. Bomba la moshi limeungana na injini, na injini imeungana na upande wa hasi wa betri. Waya ukigusa bomba, umeme wote wa betri hupita kwa mkato, na waya huwaka. Nyaya nyingi zina fyuzi, ambayo hukatika na kuyazuia mambo yasizidi. Lakini ule waya mnene utokao katika betri kwenda kwenye stata, katika magari mengi hauna fyuzi hata moja, kwa sababu stata yahitaji umeme mwingi mno. Tena katika magari mengine stata imewekwa chini ya bomba la moshi au kando yake. Kwa hiyo mwenye gari asiye na nafasi ya kukagua nyaya zote, na aukague huo kwanza.

Watu wengi hudhani kwamba nyaya hupata joto kubwa gari linapokwenda mbio. Sivyo. Gari linalokwenda mbio hupata upepo. Joto huzidi pale gari lenye shehena linapojikokota katika mchanga kwa gia ya chini, na huzidi tena likisimama. Dereva afikapo stesheni huzima injini, akaenda kunywa chai. Papo hapo feni na maji vyasimama, lakini chuma bado chawaka joto. Na kwa dakika kadhaa hewa iliyofungika chini ya boneti huwa ya moto kuliko ilipokuwa safarini. Yafaa, baada ya safari nzito, kuiacha injini izunguke polepole dakika mbili tatu kabla ya kuizima.

Sasa tuseme juu ya kinga. Iliyo bora haigharimu kitu: ni umbali. Waundaji wa gari walizipitisha nyaya mahali pake, wakazishika kwa vishikizi. Vishikizi vikikatika kwa mitikisiko ya barabara zetu, waya hulegea ukaliangukia bomba. Rudisha kishikizi, ikiwa hakipatikani, funga kwa kishikizi cha chuma chenye mpira, wala si kwa kamba ya plastiki, ambayo nayo itayeyuka. Ikiwezekana, pawe na nafasi ya sentimeta 10 au zaidi kati ya waya na bomba, na waya uachiwe ulegevu kidogo, maana injini hucheza.

Pasipo nafasi ya kutosha, pawekwe ngao ya bati. Magari mengi huja nayo tangu kiwandani, nasi twasikitika kuona jinsi inavyodharauliwa. Baada ya miaka michache misumari yake hulegea, ngao ikaanza kupiga kelele; mwenye gari akachoshwa, fundi akaing'oa akaitupa, na kila mtu akafurahia ukimya. Twakiri kelele hiyo yaudhi. Lakini dawa yake ni washa pana na msumari mpya, na ngao iliyopotea yaweza kukatwa upya kwa bati la alumini au la chuma kitupu. Bati la kuezekea halifai karibu na bomba, kwa kuwa limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye digrii 419 na ikizidi kuungua hutoa moshi mbaya kwa mapafu. Ngao isiguse bomba wala waya. Hewa ipite pande zote mbili, maana hewa hiyo ndiyo inayofanya nusu ya kazi.

Kinga ya tatu ni kuuvika waya soksi ya nyuzi za kioo au ya silikoni. Utepe mweusi wa mafundi haufai mahali hapa. Gundi yake huyeyuka, nao hufunguka. Wala mtu asitumie kitambaa cha asbestosi kilichotolewa katika mashine kuukuu, maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Tazama pia gasketi ya bomba. Ikipasuka, moshi hutoka kwa nguvu ukaupiga waya mahali pamoja. Utaitambua kwa mlio wa tak-tak injini ikiwa bado baridi, na kwa masizi meusi penye ufa. Hapo soksi wala ngao haitasaidia mpaka gasketi ibadilishwe.

Ukiona moshi au ukinusa plastiki inayoungua, simama mahali pasipo nyasi kavu, zima injini, watoe watu wote. Usiifungue boneti wazi kwa ghafula, kwani hewa itakayoingia huuchochea moto. Ikiwa ni moshi tu, wala hakuna ndimi za moto, fungua waya wa betri wa upande wa hasi kwanza. Spana ikigusa bodi wakati huo hakuna cheche, lakini ukianza na upande wa chanya, spana yenyewe yaweza kuwasha moto uliokuwa ukitaka kuuzima.